Kuhe na sangala: mwongozo kamili wa kuwatambua, kuwavua na kuwapika samaki wawili wakubwa wa Kigoma

Kipande kilikuwa kimekatwa vizuri, hakina kichwa wala mkia, ngozi bado inang'aa maji. Muuzaji aliniambia ni kuhe, nikalipa bei ya kuhe, nikakibeba mpaka Ujiji kwa shangazi. Shangazi hakusema kitu mwanzoni. Alikilaza kwenye sinia, akapitisha kidole gumba ubavuni kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo. Kisha akanitazama.

"Mwanangu, huyu nonzi. Amekuuzia nani?"

Sikumtaja, na hapa simtaji. Nonzi ni ndugu wa sangala, si kuhe. Nilichotaka kujua ni kile ambacho kidole chake kilikuwa kimekiona. Alichonionyesha jioni ile ndicho msingi wa mwongozo huu, na mengine nimeyapata mwenyewe kwa kuvua na mshipi kutoka Katonga, mwalo wetu mmoja hapa Kigoma, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Nauandika kwa ajili ya mgeni aliyehamia Kigoma, kwa kijana anayenunua ndoana yake ya kwanza, na kwa yeyote anayetaka kujua alicholipia. Kuhe na sangala hukaa kwenye meza moja sokoni na watu huwataja kwa pumzi moja, lakini hawana undugu, hawavuliwi namna moja, hawapikwi namna moja, na hawazai namna moja. Hili la kuzaa ndilo linaloniuma zaidi, nitalifikia.

Majina kwanza

Kigoma, sangala ni jina la samaki mmoja na pia ni jina la ukoo. Ukoo wenyewe wataalamu wanauita Lates. Ndani ya Ziwa Tanganyika una samaki wanne, na wote wanne hawapatikani popote pengine duniani. Mdogo wao ni mgebuka, huyu kila mtu anamjua. Wakubwa ni watatu. Yupo sangala mwenyewe, mwenye macho makubwa, anayekaa chini kwenye kina. Yupo nonzi, ambaye mkia wake una pengo katikati, mzururaji wa maji ya wazi anayefuata dagaa. Na yupo gomba, mweusi-mweusi, wa kwenye miamba, ambaye ndiye jitu la ziwa hili: ameandikwa kuwa hufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100. Siku hizi akiletwa gomba wa kilo 20 tu, watu wa mwaloni huacha kazi zao kuja kumtazama.

Usimchanganye sangala wetu na sangara wa Ziwa Victoria. Ni ndugu, maana sangara naye ni Lates, ila yule alipelekwa Victoria na binadamu miaka ya 1950. Hawa wa kwetu ni wenyeji. Ndugu mwingine wa ukoo huu, baramundi, anaishi pwani za bahari kutoka Asia hadi Australia, na wavuvi wa michezo wa huko humpenda kwa sababu zilezile tunazompendea gomba: ana nguvu, ana hila, na hakubali kutolewa majini.

Kuhe ni mtu wa ukoo mwingine kabisa. Yeye ni wa jamii ya perege na sato, na katika jamii hiyo wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote duniani, akishindania nafasi na samaki mmoja wa mto Amazon. Hukua mpaka sentimeta 80 hivi. Mwenye kilo 4 ni mkubwa wa kuheshimiwa. Naye pia yumo Tanganyika tu. Ukivuka mpaka upande wa Zambia, watu wa Mpulungu wanamwita nkupi, lakini ni yuleyule.

Kumtambua: vitu vinne vya kuangalia

Watu wengi huanza na magamba. Wanasema kuhe ana magamba madogo, kwa hiyo mwenye magamba madogo ni kuhe. Ndivyo nilivyoponzwa mimi. Mtaalamu George Boulenger wa jumba la makumbusho la London alimwandika nonzi mwaka 1898, akampa jina la kitaalamu Lates microlepis. Mwaka uliofuata akamwandika kuhe, naye akampa microlepis, na leo jina lake kamili ni Boulengerochromis microlepis. Neno hilo ni la Kigiriki, maana yake ni magamba madogo. Samaki wawili wa koo mbili, wote wameitwa kwa udogo wa magamba yao. Achana na magamba.

Achana na rangi pia, isipokuwa samaki yuko hai mkononi mwako. Kuhe aliyetoka majini sasa hivi anameta rangi ya manjano yenye ukijani, na ubavuni ana madoa meusi makubwa kama alama za vidole vilivyoshika mkaa. Sangala na nonzi hutoka wakiwa weupe wa fedha na mgongo uliokolea. Ila saa mbili juani au usiku mmoja kwenye barafu, wote wanakuwa kijivu.

Angalia hivi.

Kwanza, mgongo. Pezi la mgongoni la kuhe ni moja, linaanza nyuma ya kichwa na kwenda moja kwa moja mpaka karibu na mkia: mbele miiba, nyuma sehemu laini, bila kukatika. La sangala na ndugu zake lina bonde kubwa katikati, mpaka unaona kama ana mapezi mawili. Hili utaliona ukiwa umesimama, bila hata kumgusa samaki.

Pili, pua. Inama umtazame usoni. Kuhe, kama perege na sato, ana tundu moja la pua kila upande. Sangala ana mawili kila upande, yamekaa karibu karibu. Nimemwonyesha mtoto wa miaka saba mara moja tu, na tangu siku hiyo hakosei.

Tatu, shavu. Kingo ya mfupa wa shavu la sangala ina meno kama msumeno, na miiba pembeni. La kuhe ni laini. Mguse kwa tahadhari, kwa mgongo wa kisu, usitumie kidole.

Nne ni kile alichokitafuta shangazi, na ndicho cha maana zaidi kwa sababu hufanya kazi hata samaki akiwa hana kichwa wala mkia. Samaki wengi wana mstari wa vitundu vidogo ubavuni, wanaoutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa sangala mstari huo ni mmoja usiokatika, unatoka nyuma ya shavu, unapita ubavu mzima, na unaingia mpaka ndani ya pezi la mkia. Kwa kuhe umekatika vipande viwili: cha mbele kinapita juu, karibu na mgongo, kisha kinaisha, cha nyuma kinaanza chini yake, katikati ya ubavu, na kwenda mkiani. Chukua kipande cha katikati ya mwili chenye ngozi, kikaushe kwa kitambaa, kiinamishe kwenye mwanga. Ukiona mstari mmoja unapita kama uzi wa cherehani, huyo ni sangala, nonzi au gomba. Ukiona mmoja unaishia juu na mwingine unaanzia chini, umepata kuhe.

Kwa hiyo sokoni usikubali kipande kilichochunwa ngozi kwa bei ya kuhe. Mwambie muuzaji kwa heshima: "Dada, niachie ngozi yake." Mwenye kuhe wa kweli hakatai.

Ukubwa nao una jambo moja la hakika: samaki akipita kilo 10, si kuhe, hata aapiwe. Chini ya hapo uzito hausemi chochote, kwa sababu gomba kijana wa kilo 3 analingana na kuhe mzima.

Wanakaa wapi, na lini

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na hilo huwadanganya wageni. Wanashusha mshipi mita 200 wakidhani samaki mkubwa anakaa chini kabisa. Huku kaskazini, tulipo sisi, oksijeni huishia karibu na mita 100; kusini huweza kufika 200. Chini ya hapo hakuna samaki. Kwa hiyo ziwa lote hili kubwa, kwa mvuvi, ni ganda la juu tu.

Kuhe tafuta kwenye miteremko ya mchanga inayopakana na mawe. Hutembea kwa makundi akiwinda samaki wadogo, na macho ndiyo silaha yake, kwa hiyo ni samaki wa mchana, hasa alfajiri jua linapochomoza na jioni linapoelekea milima ya Kongo. Nonzi anafuata dagaa na lumbu, samaki wadogo wanaofanana nao, katika maji ya wazi. Usiku wa giza, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inapowasha taa na dagaa wakaja juu, mgebuka na nonzi nao huja nyuma yao. Gomba hukaa mwambani peke yake. Sangala wa macho makubwa yuko chini kwenye kina, na ndiye mgumu kumfuata kwa mshipi wa mkono.

Upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi, Mei mpaka Septemba hivi, hulivuruga ziwa. Mimi sitoki asubuhi ambayo mawimbi yameanza kuvunjika meupe nje ya ghuba, hata kama maji ya ndani yametulia kama kioo.

Kabla hujasukuma mtumbwi

Chukua leseni ya uvuvi, na uripoti kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo unaotokea. Hao ndio watakaokuja kukutafuta usiporudi. Uliza kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 upande wetu ulifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike, na anayetoka bila kuuliza anaweza kujikuta kwenye kosa. Usivue ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Gombe. Vaa jaketi la kuokolea maisha, livae mwilini, usiliweke chini ya ubao wa kukalia. Na ziwa hili lina nyoka wake wa maji, jamii ya swila, anayekula samaki na mara nyingine hunaswa kwenye nyavu. Ukiona kitu kirefu chenye pete shingoni kimelala ndani ya wavu, kata wavu.

Kumvua kuhe

Mshipi wa kubeba kilo 10 unatosha. Mzito zaidi huonekana majini, na maji yetu ni maangavu. Kuhe anaona kila kitu. Tumia samaki wa bandia mwenye urefu wa kidole, wa rangi ya fedha, au dagaa mzima aliyetungwa mdomoni.

Piga kasia taratibu sambamba na ufuko, pale ambapo chini ni mita 5 mpaka 20, ukikokota chambo nyuma kama mita 30. Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka. Ukifika mahali mchanga unapokutana na mawe, punguza, acha chambo kizame kidogo, kisha vuta ghafla. Mara nyingi hapo ndipo anapopiga. Pigo lake ni kavu na la nguvu, kama mtu amekanyaga mshipi. Atakimbia kwa kasi kwenda kwenye maji ya wazi na kutikisa kichwa. Mwache akimbie, usifunge mkono. Hana meno ya kukata mshipi, na hapendi kujificha. Ukiwa na subira ya dakika chache, atakuja ubavuni mwa mtumbwi mwenyewe. Mpokee kwa wavu wa mkono au mkono uliolowa chini ya tumbo.

Kumvua gomba na nonzi

Hapa badilisha kila kitu. Mshipi uwe wa kilo 25 kwenda juu, na mita moja ya mwisho karibu na ndoana iwe ya uzi mnene zaidi, kwa sababu ya lile shavu la msumeno. Sangala hana meno ya kukata. Anakata kwa shavu, anapogeuza kichwa na mshipi ukapita pembeni ya uso. Nilipoteza samaki watatu wakubwa kabla ya kuelewa hilo. Kila mara mshipi ulirudi umekatika safi, kama umepitishwa wembe, nami nililaumu mwamba.

Chambo kizuri cha gomba ni mgebuka mdogo aliye hai. Tunga ndoana mgongoni, mbele ya pezi, chini ya ngozi tu ili aendelee kuogelea. Tia nanga mbali kidogo na mwamba, mshushe mpaka chini, kisha mpandishe mita mbili. Subiri jua lianze kuzama. Gomba hapigi kama kuhe. Kwanza mgebuka wako anaanza kuhangaika, unauhisi kwenye kidole, kisha kimya, kisha uzito mkubwa unaoondoka polepole kuelekea kwenye mawe. Hapo huna anasa ya kumwacha akimbie. Mvute kwa nguvu sekunde za mwanzo zilezile, umtoe mwambani, kwani akiingia pangoni umemkosa.

Nonzi ni rahisi kidogo: mfuate usiku au alfajiri pale mitumbwi ya taa ilipokuwa ikivua, mkokotee samaki wa bandia mrefu karibu na uso wa maji.

Ukishamfikisha mtumbwini, usimshike shavuni. Kijana niliyekuwa naye siku moja aliingiza vidole chini ya shavu la nonzi, kama alivyozoea kubeba kuhe. Samaki alijipinda mara moja tu. Vidole viwili vilifunguka mpaka weupe ukaonekana kabla damu haijaanza kutoka, na tulikuwa saa nzima kutoka nchi kavu. Mshike kwa ndoano ya mkono au mfunike kwa gunia lililolowa.

Kuhe mwenye watoto

Kuhe hazai kama samaki wengine wakubwa. Dume na jike hushikana, jike hutaga mayai kwa maelfu mahali pa wazi chini, na wote wawili hukaa kuyalinda. Yakianguliwa wanawalinda watoto kwa wiki nyingi, na muda wote huo hawali. Wanakonda. Watafiti waliowafuatilia wanaona kwamba huzaa mara moja tu maishani, kisha hufa. Kila jozi ina uzao mmoja, basi.

Ndiyo maana wakati huo ni rahisi sana kuwanasa. Wanakuja na watoto kwenye maji ya mita chache, unawaona kwa macho kutoka mtumbwini: samaki wawili wakubwa wa manjano, na kati yao wingu dogo jeusi linalosogea pamoja nao. Tupa chambo chochote karibu, watakipiga. Hawana njaa, wanamfukuza adui. Ukimtoa mmoja, anayebaki hawezi kuwazuia maadui wa pande zote, na nimekaa pale nikaona wingu lile likipungua mpaka likaisha. Nyama yenyewe ya kuhe wa wakati huo ni mbaya, tumbo limebonyea, mgongo umebaki mfupa.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Ukiona jozi na wingu, kunja mshipi na usogee. Ukimnasa kwa bahati mbaya, na ukamwona amekonda, mtoe ndoana akiwa bado majini na umwachie palepale ulipomnasa, usimwachie mita 200 mbele, maana hatawapata tena wanawe. Ukiwa na watoto nyumbani utaelewa bila kuambiwa zaidi.

Sangala na ndugu zake hawalindi wana. Watoto wao hukulia kwenye majani ya majini karibu na ufuko, na kinachowamaliza ni kokoro. Wavu ule unaburuta majani yote pamoja na gomba wa urefu wa kidole, ambao hakuna anayewatambua kwa sababu wanafanana na vitoto vingine vyovyote. Kokoro limekatazwa kisheria. Ukiliona, waambie BMU.

Jikoni

Yeyote kati yao, mtoe matumbo na matamvua kabla hamjafika nchi kavu, umweke kwenye barafu au angalau chini ya gunia lililolowa. Magamba yao ni madogo na mengi. Yaparue kwa kijiko, kutoka mkiani kwenda kichwani, ndani ya beseni la maji yasiruke.

Kuhe mchome. Nyama yake ni nyeupe, ngumu kiasi, haina mafuta mengi, na ukiizamisha kwenye mchuzi mzito unaipotezea utamu wake. Mpasue mgongoni umfungue kama kitabu, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwache nusu saa. Makaa yawe yameiva, yana majivu juu. Anza na upande wa nyama kwa dakika chache, kisha mgeuze akae upande wa ngozi mpaka aive.

Gomba na nonzi wana minofu minene yenye mafuta, na hao ndio wa mawese. Kata vipande vya unene wa vidole vitatu, vikaange kidogo vishikamane, viweke pembeni. Pasha mawese taratibu, usiyaache yafuke moshi, tia vitunguu vingi, nyanya, pilipili nzima isiyopasuliwa, kisha rudisha samaki na maji kikombe kimoja. Funika. Usikoroge kwa mwiko, vipande vitasambaratika. Tikisa sufuria kwa kuishika masikio. Dakika kumi na tano zinatosha.

Shangazi alimpika hivyo yule nonzi wangu wa bei ya kuhe. Alitenga ugali wa muhogo, akanipa kipande cha ubavuni chenye ngozi, akasema kabla sijala nipitishe kidole kwanza.